Unataka kuacha pombe na uko Malindi? Namna ya kutafuta kikao cha wenzako na kuingia bila presha

Wacha nianze na kinachowazuia watu wengi hapa kwetu kutafuta kikao, yaani mahali ambapo watu walioshindwa na pombe hukutana wasaidiane kuacha, manake wengi husema ni nauli au muda lakini ukiwakalisha chini unakuta ni kuonekana tu. Malindi ni mji mdogo. Dereva wa tuktuk anamjua shangazi yako, mlinzi wa ukumbi amesoma na ndugu yako, ukikaa kwenye kiti cha plastiki mahali fulani Jumanne jioni basi Jumatano asubuhi sokoni washakujadili. Na mtu huyo huyo anayeogopa kuonekana akiingia kikaoni ndiye kila Ijumaa anatoka mangweni, kule kwenye mnazi, ameshika ukuta na mtaa mzima unamwona, ila hilo tushalizoea kwa hivyo hatulioni tena.

Ndio maana mwongozo huu nimeupanga kuanzia pale ambapo hakuna anayekuona, yaani kwa simu yako ukiwa umejifungia chumbani, halafu tusogee polepole mpaka kitini. Na nikuambie mapema, kikao cha kwanza usikipime kwa kuangalia kama umeacha pombe ama hujaacha. Kipime kwa kitu kimoja: je, umetoka na namba ya mtu aliyeacha, ambaye unaweza kumpigia jioni ya mwisho wa mwezi mshahara umeingia na miguu imeanza kwenda yenyewe? Ukiwa nayo umefaulu. Ukitoka na maneno matamu bila namba, rudi tena wiki ijayo uitafute.

Kwanza afya, usikate ghafla

Hapa usiruke hata kama una haraka. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi lazima utoe loki, yaani unywe kidogo kwanza, ndio mikono iache kutetemeka uweze kushika kikombe, mwili wako ushaizoea pombe na ukiikata ghafla bila uangalizi unaweza kufa. Sisi watu wa pwani arosto ya unga, yaani mateso ya mwili ukiikosa heroini, tunaijua sana, tumeishi na mateja miaka na miaka, tumeona wanavyojikunja, basi tunadhani ya pombe ni kitu kidogo kwa vile pombe inauzwa na leseni. Kumbe arosto ya unga inatesa vibaya lakini ni nadra peke yake kumuua mtu mzima mwenye afya, ya pombe ndiyo inaweza kuua.

Inavyokuja ni hivi. Kati ya masaa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho mtu anatetemeka, anatoka jasho, anatapika, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho maishani. Halafu kuanzia siku ya pili kwenda ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu ambao hawapo, homa juu. Hapo ndipo familia husema kapandwa na mashetani, anapelekwa kufukizwa ubani na huku alitakiwa awe hospitali tangu jana. Ukiona kifafa au kuchanganyikiwa kwa namna hiyo, hata kama ni saa tisa za usiku, ni hospitali moja kwa moja, vikao vitangoja.

Mtego mkubwa zaidi kwetu ni Ramadhani. Kuna ndugu wanaokunywa mwaka mzima halafu mwezi ukiandama wanakata siku hiyo hiyo, nia ni njema kabisa, lakini ukiweka kutetemeka na kutapika juu ya kufunga mchana kutwa bila maji mwili unaishiwa haraka. Kama unajijua uko hapo, nenda hospitali mapema kabla ya mwezi wakupangie. Dawa zipo, kawaida ni za jamii ya diazepam ambazo wanakupunguzia siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1 kwa sababu pombe huimaliza mwilini. Usijinunulie mwenyewe duka la dawa ukazimeza juu ya pombe, zote mbili zinadidimiza pumzi na watu hulala wasiamke. Na daktari akikuuliza unakunywa kiasi gani usipunguze kwa kuona haya, sema mboko ngapi za mnazi, kwota ngapi, chang'aa kiasi gani, maana dozi anaipima kwa jibu lako.

Hivi vikao vyenyewe ni nini

Vilivyoenea zaidi duniani ni vya Alcoholics Anonymous, watu huita AA tu. Vilianza 1935 mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na mimi kisa chake nakipenda kwa sababu kinahusu simu. Bill Wilson alikuwa mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, ameacha pombe miezi michache tu, dili lililompeleka Akron likaharibika, akabaki hotelini peke yake mfukoni hana kitu, na baa iko pale pale inamwita. Akaenda kwenye simu. Akaanza kupigia makanisa akiuliza kama wanamjua mlevi yeyote ambaye angeweza kuongea naye, akapiga na kupiga mpaka akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imemshinda. Bill hakwenda kumhubiria, alikwenda kwa sababu yeye mwenyewe alihitaji mtu wa kuongea naye ili asinywe. Bob alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935 na AA huihesabu siku hiyo ndiyo ya kuzaliwa kwake.

Mpaka leo kazi ni ile ile. Watu ambao pombe iliwashinda wanakaa pamoja saa moja au saa moja na nusu, mmoja mmoja anaeleza alivyokuwa na anavyoishi sasa. Hakuna daktari, hakuna mwalimu, hakuna anayeandika namba ya kitambulisho chako. Sharti la kuingia ni moja tu, uwe unatamani kuacha kunywa. Kikapu hupitishwa cha kodi ya ukumbi na majani ya chai, mgeni halazimiki kutia kitu. Kwa hivyo mtu akikuambia tuma kwanza mia tano ya usajili kwa M-Pesa ndio akuelekeze, huyo achana naye.

Kuna vikao vya wazi, ambavyo hata asiyekunywa anaweza kuingia, ndugu yako, muuguzi, mwanafunzi. Na kuna vya wenyewe tu. Ukiwa na mtu wa kukusindikiza uliza ni kipi kabla hamjatoka nyumbani, si vizuri mke amevaa amejitanda halafu anaambiwa angoje nje kwenye jua.

AA wana hatua 12 ambazo mtu huzifuata moja moja katika kuacha. Kama hizo hazikukai, kuna SMART Recovery, ilianza Marekani 1994, hawa wanatumia mbinu za kisaikolojia, namna ya kuikabili hamu ikija na kupanga siku yako, mambo ya Mungu wanamwachia kila mtu mwenyewe. Na kuna Millati Islami, ilianzia Baltimore 1989, imezichukua hatua 12 ikazipanga upya kwa misingi ya Kiislamu. Zote mbili kwa mtu wa huku njia rahisi ni mtandao.

Kutafuta, ukiwa bado chumbani

Piga 1192. Hiyo ni laini ya NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulika na pombe na madawa, ni bure na iko masaa 24. Usianze kwa kuhadithia maisha yako yote, utachoka kabla hujauliza ulichopigia. Sema hivi: "Niko Malindi, nataka kuacha pombe. Natafuta kikao cha watu waliokwisha kuacha, si rihab ya kulala. Kilicho karibu kiko wapi, ni siku gani, na nimpigie nani nihakikishe?" Uwe na kalamu mkononi. Na kama roho imekuwa nzito mpaka unawaza kujidhuru, hilo usilingojeshe kikao, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, nayo pia ni bure.

Halafu weka programu inaitwa Meeting Guide, ni ya AA wenyewe, ya bure, inatafuta vikao kwa kuangalia ulipo. Ukiifungua ukiwa Malindi usivunjike moyo ikikuletea vya mbali. Andika Mombasa uone, andika Nairobi, kisha hamia upande wa vikao vya mtandaoni ambako ndiko kwenye wingi. Cha muhimu usipande gari kwa kuamini simu peke yake, vikundi huhama, ukumbi hubadilishwa, mtu aliyekuwa na ufunguo kahamia Kilifi na hakuna aliyerekebisha. Piga kwanza. Usipopata mtu wa kujibu, usilipe nauli.

Hapa mjini sehemu ya kuuliza ni hospitali ya serikali. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ipo pale tangu 2015, ni ya watu wa unga, lakini wahudumu na washauri nasaha wa pale wamekaa na watu wa uraibu miaka na wanajua nani ameacha na wapi wanakutana. Kuna na The Omari Project, ambao wamefanya kazi ya kurekebisha watu wa unga hapa Malindi tangu miaka ya 90. Usione haya kwenda kwa sababu wewe ni wa pombe na wao ni wa unga. Swali lako ni fupi: "Kuna waliomaliza hapa ambao bado wanakutana? Na mtu wa pombe anakaribishwa?" Wengi waliotoka kwenye unga walikuwa wanakunywa pia, watakuelewa haraka kuliko binamu yako.

Ukiamua kumuuliza imamu au padri, mwombe akutunzie siri kabla hujafungua mdomo, isiwe baada.

Kikao cha simu, na vile usijianike

Kwa maoni yangu mtu wa mji mdogo aanze na Zoom, asikilize vikao kadhaa kamera imezimwa mpaka apate picha ya mambo yanavyokwenda, ndio aende kwa miguu. Ila kuna vijitu vya kuangalia.

Jina. Zoom huonyesha jina lililoko kwenye akaunti yako, na wengi tulijiandikisha kwa majina yote matatu wakati wa semina fulani ya kazini. Libadilishe kabla ya kuingia, weka jina la kwanza tu, au hata herufi. Zima kamera na maiki kabla ya kubonyeza kuingia, usingoje uwe ndani halafu uanze kutafuta kitufe na nyuma yako picha ya harusi imetundikwa. Vaa spika za masikio. Kama nyumba imejaa watu, nenda ukakae ufukweni mbali kidogo, kule kila mtu ana simu sikioni na hakuna anayekuuliza.

Grupu za WhatsApp mimi nazichukulia polepole. Ukiingia, kila mmoja ndani anaiona namba yako na picha yako, na namba ya Kenya si namba tu, mtu akijifanya anakutumia pesa M-Pesa inamletea jina. Wengi humo ni watu wema, lakini wewe huwajui bado. Funga picha ya wasifu ionekane na watu uliowasevu peke yao, na kama kuna njia ya kuhudhuria Zoom bila kuingia grupu, chukua hiyo kwanza.

Saa. Hapa watu hupotea sana. Orodha nyingi huandika saa za kizungu, kwa hivyo kikao cha 7 jioni ni saa moja yetu, hilo unalijua, lakini ni saa moja ya wapi? Kikao cha saa moja jioni Afrika Kusini kwetu ni saa mbili usiku, hawa mimi nawapenda kwa sababu saa zao zinatukaa vizuri. Cha saa moja jioni London kwetu ni saa nne usiku wakati wa baridi yao, na saa tatu usiku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba kwa sababu wenzetu husogeza saa. Cha jioni New York kitakuangukia usiku wa manane, ambao kama wewe ni mtu wa kukosa usingizi siku za kwanza basi ndio dawa, uko macho saa tisa na kuna watu wazima ishirini upande wa pili wa dunia wanaongea jambo lako hilo hilo.

Bando: video ndiyo inayokula. Sauti peke yake haili sana, na hata wakati mtandao unakatika kule Gongoni au Mambrui, sauti mara nyingi inapita.

Lugha ya vikao vingi vya mtandaoni ni Kiingereza, na vipo vya Kitaliano kwa wale waliofanya kazi mahotelini mpaka wakakijua kuliko Kiingereza, sisi Malindi tuko wengi. Usione ajabu kuacha pombe kwa Kitaliano.

Siku ya kwenda mwenyewe

Kama umepata cha karibu, vizuri. Kama cha karibu ni Mombasa, huko ni kilomita kama 120 na matatu ni masaa mawili unusu au matatu kutegemea foleni ya Mtwapa, kwa hivyo kikao cha jioni maana yake utalala kwa jamaa. Tafuta cha Jumamosi mchana. Wengine mji wa mbali wanaupendelea kwanza, hakuna anayekujua, na sioni ubaya wowote, ilimradi usifanye umbali kuwa sababu ya kutokwenda tena. Watu wa hoteli na bichi, angalia shifti zako na msimu, kikao utakachoweza kwenda Mei wakati wageni hawapo ukakikosa Agosti hakitakusaidia, na Agosti ndio pesa inaingia. Wavuvi vile vile, kusi likichafua bahari vyombo haviendi, siku zinakuwa ndefu na mangweni kunajaa, hizo ndizo wiki za kupangia vikao viwili badala ya kimoja.

Mwambie wa tuktuk akushushe mbele kidogo au nyuma kidogo, pale Posta, pale sokoni, popote pa kawaida, utembee dakika tano. Fika kabla ya saa kwa dakika kumi hivi. Ukichelewa utaingia watu wote wamekaa wanakutazama, ukiwahi utakuta mtu mmoja anapanga viti na huyo ndiye unayemtaka, maana anayewahi kupanga viti kwa kawaida ndiye aliyekaa miaka mingi bila pombe. Mwambie tu, "Mimi ni mgeni, ni mara yangu ya kwanza." Hatakuuliza zaidi. Atakupa kiti, atakupa chai.

Kinachofuata: viti vimezungushwa, thamosi ya chai ya rangi mezani, feni inapiga kelele. Mwenyekiti wa siku anafungua kwa ukimya mfupi au ile dua yao ya kuomba utulivu wa kukubali yasiyobadilika, ujasiri wa kubadilisha yanayobadilika na busara ya kujua tofauti. Mtu anasoma AA ni nini, mwingine anasoma hatua 12. Kisha watu wanaongea kwa zamu. "Mimi naitwa Salim, mimi ni mlevi." Wote: "Karibu Salim." Anaongea dakika tatu nne, anamaliza, asante, mwingine. Na hapa kuna jambo ambalo sisi waswahili linatushangaza: hakuna anayejibu. Mtu amesema kauza boti ya baba yake akanywea, na hakuna anayesema pole wala ungefanya hivi wala mjomba wangu pia. Inaonekana kama ubaridi. Kaa nayo kidogo, utaona ndiyo inayomfanya mtu aseme ukweli, kwa sababu anajua hakatizwi na hahukumiwi. Ushauri na pole ni baada ya kikao, kwenye chai.

Zamu ikikufikia huna lazima. "Naitwa Ali, leo nimekuja kusikiliza." Basi, inatosha, inakwenda kwa mwingine. Si lazima ujiite mlevi siku ya kwanza wala ya pili. Jina moja linatosha, kazi yako na mtaa wako hakuna anayevihitaji. Na ukikutana na mtu unayemjua, na kwa Malindi utakutana naye, kumbuka naye yuko hapo kwa sababu ile ile, mnasalimiana kama kawaida na kesho barabarani hakuna anayesema tulionana wapi.

Kama siku hiyo umekunywa, vikao vingi hawakufukuzi, ila watakuomba unyamaze usikilize. Nenda hivyo hivyo. Usiende tu na chupa.

Sasa ile namba. Kikao kikiisha usikimbie. Watu wengi wageni hutoka mbio kana kwamba wameiba kitu, na hapo ndipo wanapopoteza walichokuja kukichukua. Sogea kwa yule ambaye maneno yake yalikugusa, awe mwanamume mwenzako kama wewe ni mwanamume na mwanamke kama wewe ni mwanamke. "Ami, naweza kuchukua namba yako?" Na yeye akiwa mkongwe atakujibu kitu kama "Chukua, lakini nipigie kabla ya kunywa, usinipigie baada." Msevu kwa jina la kawaida, Ami Fundi, Dada Duka, upendavyo. Na mpigie kesho yake, hata huna shida yoyote, umwambie tu habari za asubuhi, kwa sababu simu ya kwanza ndiyo ngumu na hutaki ya kwanza iwe ya saa mbili usiku mwisho wa mwezi. Baada ya muda unaweza kumwomba awe sponsa wako, yaani mtu wa kukushika mkono kwenye hatua zile. Si mtu wa kukukopesha pesa, hilo liwekeni wazi mapema.

Dada zangu, mnaokunywa hapa kwetu mnakunywa ndani mlango umefungwa, najua, na kuingia chumba chenye wanaume kumi kueleza hayo si rahisi. Vikao vya wanawake peke yao viko vingi mtandaoni, anzeni huko. Na mahali popote mwanamume aliyekaa muda kikaoni akianza kumtumia mgeni wa kike meseji za usiku za kumjali sana, hizo si za kikao. Mwambie mwenyekiti, na kama mwenyekiti ndiye mwenyewe badilisha kikao.

Suala la dini, kwa sababu litaulizwa

Ukumbi ukiwa wa kanisa haina maana kikao ni cha kanisa, wamekodi chumba na wanalipa kodi. Hatua zinamtaja Mungu "kama kila mtu anavyomwelewa", wewe Muislamu unamjua Mola wako, wewe Mkristo unamjua wako, na asiye na dini naye wanamwacha. Adhana ikiingia katikati vikao vya busara vinasimama kidogo, ukiwa na haja ya kuswali omba udhuru utoke urudi.

Lingine zito kidogo. Tumefundishwa kusitiri, mtu asitangaze dhambi aliyositiriwa na Mungu, na nimesikia vijana wakiitoa hii kama sababu ya kutokwenda. Mimi si sheikh, ukiwa na wasiwasi muulize unayemwamini. Ila ninachokiona ni kwamba kikao hakikudai utangaze, unaweza kukaa mwaka mzima ukasema tu "pombe ilinishinda na natafuta msaada", na kutafuta msaada wa maradhi si kujisifu kwa maovu. Anayejitangaza hasa ni yule anayeimba Lamu Road saa sita usiku.

Ukitumia kikao, ukitumia simu, na bado ukateleza

Nenda angalau vikao sita vya sehemu moja kabla hujasema hakinifai, cha kwanza huwa umejaa aibu, cha pili unalinganisha, unawaambia moyoni mimi sijafika walipofika hawa. Ukinywa tena mpigie mtu wako asubuhi yake na urudi kikao kinachofuata, usingoje mpaka uwe msafi wiki nzima ndio ujisikie unastahili. Na kama ulikuwa mtu wa kila siku na umerudia siku kadhaa mfululizo, rudi kwenye ile sehemu ya hospitali pale juu, arosto ya mara ya pili na ya tatu mara nyingi huwa kali kuliko ya kwanza.

Mama na wake wa walevi, yenu ipo, inaitwa Al-Anon, 1951 ndio ilianzishwa na mmoja wa waanzilishi ni Lois, mke wa yule Bill wa Akron. Vikao vyake mtandaoni ni vingi na unaweza kuhudhuria hata kama mwenyewe amekataa kata kata. Na nawaomba, ile dawa ya kukatisha pombe inayouzwa kichinichini mtie kwenye chai bila yeye kujua, msitie. Kama ni disulfiramu kweli, akinywa pombe juu yake presha inaweza kuanguka na moyo ukasumbuka, ni dawa ya mtu anayejua anaimeza na daktari anajua. Kama si disulfiramu basi hamjui ni nini.

Kama hakuna kikao karibu, anzisheni

Hii watu hawaijui: desturi za AA zinasema walevi wawili au watatu wakikaa pamoja kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, alimradi kama kikundi hawajajiunga na jambo lingine. Wawili! Wewe na yule wa ile namba. Hamhitaji cheti wala chifu.

Tafuteni chumba ambacho watu wengi huingia kwa sababu nyingine, darasa la shule jioni, chumba cha hospitali, ukumbi wowote wa mtaa, ili anayeingia asijulikane ameenda wapi. Msikutane kwa hoteli yenye baa. Lipeni kodi hata kama mwenye chumba amesema bure, hata mia mbili, ili siku akikasirika asiwatoe. Mkataeni mheshimiwa atakayetaka kuwaletea viti na mpiga picha, desturi zao ni kujitegemea, na picha moja tu ya uchaguzi itawafukuza watu wote. Siku iwe ile ile na saa ile ile, isibadilike. Mmoja wenu akija peke yake akae saa nzima na mlango wazi. Ufunguo uwe na watu wawili, na kazi ya kufungua kikao izunguke kila mwezi asizuke mwenye kikao.

Kikao kikishasimama miezi kadhaa, wasiliana na ofisi ya AA ya Kenya mkiandikishe ili kitokee kwenye Meeting Guide mtu akitafuta Malindi. Wapeni namba ya simu ambayo kuna mtu atapokea, na saa muiandike kwa mtindo wa 24, yaani 18:30, maana mkiandika tu saa kumi na mbili unusu kuna mgeni atafika alfajiri.